Chupa za Plastiki Sizo Zinazoua Mto Wetu

Ndugu vijana, salongo ya kuokota chupa na mifuko kando ya mito yetu ni kazi njema, nami siipingi. Ninachohofia ni kwamba imeanza kutufariji kupita kiasi. Tunapiga picha, tunanawa mikono, tunarudi nyumbani tukiamini kwamba mto umepona. Kinachouumiza zaidi hakiokotwi kwa mkono wala hakionekani kwa macho: ni shaba, kobalti, zinki, risasi na hata urani, zilizotulia ndani ya tope lake.

Tangu miaka ya 1920 Union Minière, na baadaye Gécamines, zimechenjua madini hapa Panda na Shituru, na mabaki yake yakalundikwa karibu na maji. Baadhi ya mawe hayo yana salfa. Yakiguswa na hewa na mvua huzaa asidi, nayo asidi huyeyusha metali na kuzishusha mtoni. Siku hizi viwanda vipya vimeongezeka, na ndugu zetu wachimbaji wa mikono huosha mawe yao katika mito ileile wanamofulia mama zetu.

Uchafu wa vyoo ni hatari, lakini huoza. Mto ukipewa muda na mwendo huumaliza wenyewe. Metali haziozi. Shaba ikizidi kidogo tu majini huua mwani na wadudu wachanga, huharibu mashavu ya samaki, na samaki aliyezoea kula wadudu hao hubaki na njaa katika maji yanayoonekana safi kabisa. Maji mangavu yasiyo na kiumbe hata kimoja yangepaswa kututisha kuliko maji ya tope.

Tena madhara hayaishii mjini. Maji ya Likasi na Panda huishia Buluo, ya Buluo hufika Lufira na ziwa Tshangalele, lililotokana na bwawa la Mwadingusha. Hapo mwendo hupungua na tope hutua kati ya mafunjo. Mizizi ya mafunjo hushika sehemu ya metali hizo; anayeyafyeka ili apate shamba anamfukuza mlinzi asiyedai mshahara. Katika bonde hilo yumo mnana mmoja, ndege msuka viota, asiyejulikana kuishi nje ya bonde la Lufira. Tangu 1982 bonde hilo limo katika orodha ya UNESCO ya hifadhi za viumbe hai. Orodha, bahati mbaya, haichuji maji.

Na sisi tumo katika mnyororo huohuo. Mwaka 2009 wataalamu wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu 351 wa kusini mwa Katanga. Waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka migodi au viwanda walikuwa na kobalti nyingi mno, na watoto waliwapita watu wazima. Vumbi lina sehemu yake, lakini pia lengalenga iliyomwagiliwa maji ya mto, na samaki wa ziwani.

Husemwa kwamba tukilalamika kazi zitafungwa. Sheria nambari 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 haifungi kiwanda kwa sababu kijana ameuliza swali. Inamtaka anayechafua alipe. Husemwa pia kwamba kosa ni la wachimbaji wa mikono. Wao huonekana, ndiyo maana hulaumiwa kwanza. Bomba lililo nyuma ya ukuta halionekani. Kuwahubiria waache kuoshea mtoni bila kuwatafutia mahali pengine pa kuoshea ni kuwadhulumu.

Februari 2025, ng'ambo ya mpaka kule Chambishi, Zambia, bwawa la mabaki ya mgodi lilipasuka, asidi ikaingia Mto Kafue na mji wa Kitwe ukakatiwa maji. Dunia ikaona.  Kwetu mara nyingi huvuja polepole, kwa hiyo hakuna anayekuja na kamera.

Basi kila kikundi cha parokia kiombe, kwa barua yenye sahihi, vipimo vya maji na vya tope la Buluo vibandikwe kwenye ofisi ya komini, kwa Kiswahili. Tena viwe vya Oktoba na Novemba, mvua za kwanza zinapokokota mabaki ya kiangazi kizima, si vya Julai pekee, wakati mto umetulia.