Benki ikikunyima mkopo, usianze kukata dawa

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwenye miaka 52, alikuja kliniki mwaka jana presha yake ikiwa 190 kwa 110. (Mambo machache nimeyabadilisha asitambulike, na ameniruhusu kuandika.) Ilikuwa mara ya tatu mfululizo inapanda. Nikamuuliza, "Mwalimu, dawa unameza?" Akajibu, "Nameza, dokta." Nikamwandikia dawa ya tatu, nikaita mgonjwa mwingine.

Mkewe ndiye aliyerudi mlangoni, mume akiwa ameshatangulia dirisha la dawa. "Dokta, hizo mbili za mwanzo hajanunua tangu Machi. Tuna madeni."

Nilipomwita tena akanieleza yote. Alikuwa na mkopo wa benki wa kujengea, akaongeza wa kikundi kwa ajili ya ada ya chuo ya binti yake, kisha laki tatu za kausha damu. Kwa huyo wa mwisho alikuwa anatoa elfu tisini kila mwezi, riba tupu, na laki tatu ziko palepale. Akaenda benki nyingine kuomba mkopo mmoja mkubwa alipe yote abaki na deni moja. Wakamkatalia. Makato yake yalishafika ukomo, maana utaratibu unataka mtumishi wa umma abaki na angalau theluthi moja ya mshahara. Kijana wa pale alimwambia, "Mzee, hukopesheki," akaita namba inayofuata. Jioni hiyohiyo mwalimu akamkabidhi mkopeshaji wa mtaani kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri.

Neno lile alilibeba kama hukumu. Aliniambia alikuwa anaamka saa nane usiku anapiga hesabu gizani. Wasiwasi na kukosa usingizi kwa muda mrefu huchangia kupandisha presha, hilo tunalijua. Lakini kwake sababu kubwa ilikuwa nyepesi zaidi: alipobana matumizi, alianza na dawa. Mwenye nyumba anadai, chuo kinadai, kausha damu anakuja hadi mlangoni. Dawa haimpigii mtu simu.

Kosa langu lilikuwa kubwa kuliko lake. Sisi madaktari tunauliza kuhusu pombe, sigara na chumvi, lakini deni hatuligusi, tunaliona ni jambo la aibu au halituhusu. Kumbe ningemwongezea dawa mpaka nne, zote anaziacha dirishani. Na kama siku moja angezimeza zote kwa pamoja kwa hofu, presha ingeshuka ghafla aanguke darasani. Maoni yangu ni kwamba swali la "dawa hizi unazimudu?" liulizwe kila mgonjwa wa kudumu anapokuja, kama tunavyomfunga kitambaa cha presha mkononi. Daktari asipouliza, sema mwenyewe. Huhitaji kueleza unadaiwa na nani. "Dokta, mwezi huu sina hela ya dawa zote" inatosha. Mara nyingi tunaweza kubadilisha ya bei kubwa tukakupa ya bei nafuu inayofanya kazi ileile, au kukupeleka kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali anayeshughulikia misamaha.

Usiamue peke yako ipi uache. Dawa kama atenolol na propranolol zikikatwa ghafla, presha na mapigo ya moyo vinaweza kupanda kupita hata kabla hujaanza tiba. Na wazazi, hapa nawaomba mnisikilize sana. Nimepokea mtoto mwenye kisukari ambaye mama yake alikuwa anapunguza insulini ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Mtoto anayetegemea insulini akiikosa, anaweza kutapika, kuhema kwa nguvu na kupoteza fahamu ndani ya siku chache tu. Yule tulimwahi. Zipo kliniki za watoto wenye kisukari zinazotoa insulini bila malipo, lakini mama hakuwa ameuliza, alikuwa anaona haya.

Sasa niseme ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Benki haikukosea kumnyima mwalimu. Mkopo ule ungekula theluthi iliyobaki, ndiyo hela ya unga na vidonge. Ninachowalaumu ni kumwacha atoke na neno moja. Angeweza kuambiwa arudi benki yake ya kwanza aombe marejesho yapangwe upya kwa muda mrefu zaidi. Angeweza kuonywa juu ya wakopeshaji wasio na leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni, na bado wagonjwa wangu wananionyesha meseji za vitisho kwenye simu zao.

Nilimuuliza pia kama amewahi kufikiria kujidhuru. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mara moja." Tulizungumza hadi foleni ikaanza kulalamika, na siku hiyo hakutoka bila kuonana na mwenzangu wa afya ya akili. Ikikufikia hali hiyo, mwambie mtu leo hii, hata nesi wa mapokezi.

Benki yake ya kwanza ilikubali kurefusha marejesho. Kadi aliifunga, akapewa mpya. Kausha damu bado anamdai laki moja na nusu, wanamlipa kidogokidogo. Juzi presha ilikuwa 146 kwa 90, haijakaa sawa, lakini dawa ni mbili tu na anazimeza. Mkewe alinionyesha daftari la matumizi ya nyumba. Vidonge ameviandika mstari wa kwanza, juu ya kodi na juu ya ada.