Mtoto Akijifunza Kusema Upya

Mwezi huu tuzungumze juu ya mtoto mwenye kigugumizi aliyefundishwa kusema na mtaalamu.

Njia moja ya mafunzo hayo ni kuvuta maneno polepole na kwa ulaini. Kigugumizi hupungua, lakini masikio ya wasikilizaji hushangaa. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani, Martin na wenzake, waliwapa watu kanda wasikilize, wapime usemi kwa alama 1 hadi 9. 1 ni usemi wa kawaida kabisa. Wenye kigugumizi waliosema bila kukwama, wakisaidiwa na mashine inayomrudishia mtu sauti yake kwa kuchelewa, hawakuonekana wa kawaida kuliko walipokuwa wakikwama.

Sasa mfikirieni kijana huyo akirudi Same, au kule milimani Mbaga na Gonja. Sokoni wanamcheka: "Unaongea kama redio iliyoishiwa betri!" Kesho yake ananyamaza, au anaona heri kigugumizi chake cha zamani.

Mama, usimhimize aseme haraka, wala usimmalizie neno. Sikiliza habari anayoleta, si sauti yake. Shangazi na babu nao waelezwe, kwa Kipare kama ndiyo lugha ya nyumbani. Kisha mwombe mtaalamu amfundishe pia kurudisha mwendo wa kawaida wa maneno.

Musa naye alilalamika kwamba ulimi wake ni mzito (Kutoka 4:10). Mungu hakumcheka, alimpa Haruni ndugu yake asimame naye. Nasi tusimame na watoto wetu.