Milima tunayo, nafasi ya baiskeli iko wapi?

Ukitaka kujua jinsi nchi hii ilivyojaliwa milima, usimuulize mtu wa gari. Dereva anaujua mlima kwa gia ya pili na moshi wa matatu iliyo mbele yake. Muulize mtu wa baiskeli. Huyo atakwambia mlima unaanzia kituo gani cha petroli, unakuwa mkali kwenye kona ipi, na ni wapi kuna kibanda cha chai cha kukufanya ujiambie, "Hapo tu, nikifika hapo nitapumua."

Kule Ufaransa kuna mlima unaoitwa Alpe d'Huez, unaosifika kwa kona zake 21. Wasee hutoka kila pembe ya dunia, wanalipa ndege na hoteli, ndio waupande siku moja na kupiga picha pale juu. Una kilomita 13.8 na unakuinua takriban mita 1,100. Ukimaliza, uko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Sasa tulia nikuambie: Nairobi yenyewe iko kama mita 1,700. Limuru imepita 2,200. Yaani yule mama anayesukuma baiskeli iliyojaa kabeji pale Limuru yuko juu zaidi ya mshindi wa Tour de France anapovuka utepe wa Alpe d'Huez. Na hakuna anayempigia makofi.

Kama wewe ni mgeni kwa mambo haya na umenunua baiskeli ya mtumba yenye tairi nyembamba, anza na Limuru. Toka Ruaka, pita Banana, ingia Tigoni. Mwinuko wake si wa kukuua, ni wa kukuchosha polepole kama kodi ya nyumba. Unapanda bila kujua unapanda, hadi unashangaa mbona hewa imekuwa baridi na pumzi imepungua. Kisha majani chai yanaanza pande zote mbili za barabara, na unasahau kwamba dakika 20 zilizopita ulikuwa unatukana mtu aliyekushawishi kuja. Tatizo la hapa ni Ruaka. Ukichelewa kutoka, matatu zitakubana kwenye mtaro. Saa kumi na mbili asubuhi uwe umeshapita.

Upande wa pili wa jiji kuna Ngong. Kuna wasee wanaoamini kwamba kutoka Ngong mjini hadi kwenye geti la msitu ndiyo mwinuko mkali wa lami ulio karibu zaidi na jiji, na mimi sitabishana nao. Ni mfupi, lakini baiskeli inataka kusimama wima kama farasi. Juu kuna zile panga kubwa za kuzalisha umeme wa upepo, na ukizisikia zikivuma ujue karibu umefika, na pia ujue upepo wenyewe unakungoja.

Ukipita Kiserian unafika Kona Baridi, jina linalojieleza. Hapo ndipo watu huingia mtego wa Magadi. Barabara inashuka, inashuka tena, inapita Olorgesailie na inazidi kushuka hadi ziwani, kama mita 600 tu juu ya usawa wa bahari. Kwenda ni raha tupu, kichwa chini, breki kidogo. Shida ni kwamba nyumbani ni kule ulikotoka. Kurudi unapanda karibu siku nzima, jua la saa saba likiwa mgongoni, maji yameisha, na duka linalofuata liko mbali. Ukitaka kujua rafiki yako ni mtu wa aina gani, mpeleke Magadi halafu umwombe maji wakati wa kurudi.

Nje ya Nairobi orodha ni ndefu. Taita kuna barabara ya kutoka Mwatate kwenda Wundanyi, kona juu ya kona, joto la chini likigeuka ukungu kule juu. Lakini kama ningeruhusiwa kuchagua mlima mmoja tu wa kuonyesha dunia, ningechagua ule wa kutoka Bonde la Kerio hadi Iten. Unaanzia darajani Chebloch, pale vijana wanaporuka majini kutoka kwenye miamba, unapita Tambach na kuibukia Iten, mita 2,400. Unachopanda hapo kinaipita Alpe d'Huez, na unamalizia mahali ambapo hewa ni nyembamba zaidi. Watu wote wanaijua Iten kwa mbio za miguu. Wachache wanajua kwamba waendeshaji baiskeli pia wameishi na kufanya mazoezi huko, miongoni mwao Sule Kangangi wa Eldoret, aliyekuja kuwa nahodha wa Team Amani na kufariki Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mashindano kule Vermont, Marekani.

Nimeuacha Mai Mahiu nyuma makusudi, kwa sababu huo ndio mlima unaotuhusu mwaka huu.

Ile barabara ya zamani inayoshuka kutoka upande wa Kamandura hadi Mai Mahiu ilijengwa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Karibu na bonde walijenga na kanisa dogo la Kikatoliki, ambalo bado lipo, na madereva bado husimama kusali. Ukiwapita wenye malori wakishuka utaelewa ni kwa nini. Harufu ya breki zilizoungua inakufikia kabla ya lori lenyewe.

Kwa baiskeli, mlima huu ni mtamu sana. Bonde la Ufa limelala upande mmoja, Longonot kwa mbali, wauza kofia za manyoya ya kondoo wako vibandani, na mwinuko unakuruhusu kupata mdundo wako bila kukuvunja. Lakini ni mlima wa kuupanda ukiwa umeshikilia roho mkononi. Malori ya mizigo kutoka bandari ya Mombasa kuelekea Uganda, Rwanda na Kongo hupita hapa. Barabara ni nyembamba. Ukingo wa lami umeliwa kama mkate ulioguguna panya. Lori linapanda kwa mwendo wa kutambaa, matatu inataka kulipita, gari dogo linataka kuipita matatu, na wewe uko pale kati ya tairi na korongo ukijaribu kwenda moja kwa moja huku miguu inatetemeka. Halafu kuna vijana wanaoshika nyuma ya lori ili livute baiskeli zao. Usiwaige. Lori likipiga breki ghafla, huna la kufanya.

Sasa, Novemba 2025 Rais William Ruto alizindua upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, kilomita 175, pamoja na ile ya Rironi kupitia Mai Mahiu hadi Naivasha, kilomita 58. Ni mradi wa serikali na wawekezaji, na dereva ameshaambiwa kwamba atalipia kwa kilomita. Mjadala wote ambao nimesikia, redioni na mitandaoni, ni wa pesa: nani atalipa ngapi, kampuni gani inakula, kwa nini tulipe barabara ambayo ushuru wa mafuta ulipaswa kuijenga. Ni maswali halali. Ila kuna moja halipigiwi kelele. Mtu asiye na injini atapita wapi?

Usiniambie hilo ni swali la watoto wa Karen waliovaa taiti za bei ghali. Kabla taiti hazijafika hapa, milima hii ilikuwa inapandwa na black mamba zenye mitungi ya maziwa, magunia ya viazi na makaa. Bado inapandwa nazo. Mkulima wa Kimende na kijana anayefanya mazoezi Jumapili wanatumia ukingo uleule wa lami, na gari likihama njia linawapata wote wawili bila kuuliza nani ana helmeti. Nchi hii hupoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka, na wengi wao hawakuwa ndani ya gari. Walikuwa wakitembea, wako kwenye bodaboda, au kwenye baiskeli.

Na tumeshaona jinsi mambo huenda. Nairobi Expressway ilipofunguliwa mwaka 2022, baiskeli na pikipiki zilikatazwa kupanda juu. Sawa, ile ni ya kasi. Lakini chini yake mtu wa baiskeli alibaki kugombania nafasi na matatu kama zamani. Thika Road, iliyokamilika mwaka 2012, ilijengewa njia za baiskeli, na tuliishangilia. Nenda uzitazame leo. Vibanda, bodaboda zilizoegeshwa, maji ya mvua, na mahali pengine njia inaishia ukutani kana kwamba baiskeli ina mbawa. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilikuwa na sera nzuri kabisa ya watembea kwa miguu na baiskeli, iliyoahidi kwamba asilimia 20 ya bajeti ya barabara itawaendea. Karatasi ilikuwa tamu. Ukiiona hiyo asilimia 20 mahali mtaani, niitie nije nipige picha.

Wengine watasema, baiskeli Kenya haina pesa, kwa nini mwekezaji aijali? Tazama Kigali. Septemba 2025, Rwanda ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani. Walichouza hakikuwa uwanja mpya. Waliuza vilima vya mtaani, vile ambavyo mtu wa Kigali hupanda akienda sokoni. Wanaume walikimbia kilomita 267.5 wakipanda jumla ya mita 5,475, wakapitishwa hadi kwenye kimwinuko cha mawe kinachoitwa Mur de Kigali. Tadej Pogačar alishinda, na kati ya wanaume zaidi ya 160 walioanza, 30 tu ndio waliofika mwisho. Nilikuwa natazama umati kuliko wakimbiaji. Watu walijaa pande zote mbili kama harusi.

Hebu jiulize kama Kenya inakosa kitu chochote walicho nacho Rwanda kwa upande wa milima. Hata mabingwa tumelea. Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara nne, alizaliwa Nairobi mwaka 1985 na akiwa kijana alifunzwa na David Kinjah kule Kikuyu, akipanda vilima hivi hivi ninavyokutajia. Mataji hayo ya Tour aliyachukua chini ya bendera ya Uingereza. Kinjah aliendelea kufunza watoto wa kijijini kwa baiskeli za kuunganisha-unganisha. Bila barabara salama ya kufanyia mazoezi, mzazi gani atamruhusu mtoto wa miaka 14 ajaribu Mai Mahiu?

Kinachoniuma ni kwamba tunachohitaji si kikubwa. Fikiria jinsi baiskeli inavyokwenda mlimani. Ikishuka, inashindana na gari, kwa hivyo inaweza kukaa ndani ya barabara bila kumchelewesha mtu. Ikipanda, inakwenda kilomita 10 kwa saa, pengine nane ikiwa na viazi. Hatari yote iko upande wa kupanda. Kwa hivyo hata kama mhandisi atasema mlima hauna nafasi na pesa hazitoshi, aweke mita moja na nusu ya lami safi upande wa kupanda peke yake, yenye kizuizi kati yake na malori, na isiyo na mtaro wazi. Nchi nyingine hufanya hivyo kwenye barabara nyembamba za milimani. Mkulima atapita hapo, mwanafunzi atapita hapo, na dereva wa lori hatalazimika kuhama njia kumkwepa mtu yeyote.

Na jambo hili lina wakati wake. Ukingo wa barabara ni rahisi kuuongeza ukiwa bado kwenye mchoro. Lami ikishamwagwa na vyuma vya pembeni vikishasimama, utaambiwa usubiri awamu ya pili, na sote tunajua awamu ya pili huishi wapi. Vikao vya maoni ya umma huwa vinafanyika kwa chifu au kwenye ukumbi wa kanisa, siku ya wiki, saa nne asubuhi, na wanaokwenda ni wenye mashamba yanayopitiwa na barabara. Watu wa baiskeli hatuendi. Tuko kwenye makundi ya WhatsApp tukitumiana picha za mita tulizopanda.

Kwa hivyo kama uko katika kundi la baiskeli, au una mjomba Kimende anayepeleka maziwa kwa black mamba, mtafuteni mwakilishi wa wadi wa huko na mwandikieni barua kabla ya kumpigia kelele mtandaoni. Itajeni barabara kwa jina, tajeni kona, elezeni ni wapi lori hukaribia kuwagonga. Ambatanisheni picha. Ombeni mchoro wa kipande cha Kamandura hadi Mai Mahiu, mtazame upande wa kupanda una upana gani.

Jumapili ukipanda, toka mapema, washa taa ya nyuma hata kama kumekucha, na ukifika kwenye lile kanisa dogo kabla ya kuanza kurudi juu, jaza chupa mbili za maji. Moja haitoshi.