Puto Lililovuka na Kaskazi
Katika nyumba za Darsait, mjini Muscat, ambamo Kiswahili cha Unguja kingali kikisikika, ni nadra kutajwa Five Weeks in a Balloon, filamu ya 1962 itokanayo na riwaya ya Jules Verne ya 1863, ambamo puto, yaani mfuko mkubwa upaao kwa gesi nyepesi kuliko hewa, laanzia safari Zanzibar. Mwaka huo wa 1962 msafiri Mwingereza Anthony Smith alivuka kweli kutoka Unguja hadi bara kwa puto la haidrojeni, akisukumwa na kaskazi, upepo uliozoea kuleta majahazi ya Oman. Filamu iliifanya Zanzibar pambo tu la ugeni, ilhali watoto wa Darsait wanastahili kwanza kusimuliwa safari ya kweli, ambayo Alan Root, mpiga filamu za wanyamapori wa Kenya, alikuwamo.