Mbona Timu Huhama? Arizona Walikosa Uwanja, Bungoma Tukakosa Timu

Wasee wa Kitale na Bungoma, weka mambo haya mawili kwenye sahani moja uone.

Aprili 2024, timu ya hoki ya barafu iliyoitwa Arizona Coyotes ilifungasha virago ikahamia Salt Lake City, jimbo la Utah, huko Marekani. Shida yao kubwa ilikuwa moja tu: hawakuwa na uwanja wa maana wa kuchezea.

Wiki chache baadaye, Juni 1, Rais William Ruto alikuwa Kanduyi akiongoza sherehe za Madaraka ndani ya Uwanja wa Masinde Muliro, umekarabatiwa na kupanuliwa hadi ukabamba. Lakini msimu huo wa 2023/24 ulipofungwa, Nzoia Sugar, timu ya kaunti hiyo hiyo, ilikuwa imeshuka kutoka ligi kuu.

Yaani wale walikuwa na timu bila nyumba, sisi tukabaki na nyumba na timu imeporomoka. Ukielewa kwa nini, utaelewa mbona timu huhama, na mbona zetu huku Magharibi zinaisha hata kabla ya kupata nafasi ya kuhama.

Kwanza, hoki ya barafu inatuhusu nini?

Usicheke. Kenya tuko na timu, Kenya Ice Lions, inayofanyia mazoezi kwenye barafu ya hoteli ya Panari, Mombasa Road, Nairobi. Mwaka huo huo wa 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho la dunia la mchezo huo. Kwa hivyo si stori ya wazungu peke yao.

Lakini sababu kubwa ya kuangalia ligi yao ya NHL ni kwamba kule timu kuhama ni biashara ya wazi. Minnesota walipoteza timu 1993, ikaenda Dallas. Quebec walipoteza yao 1995, ikaenda Colorado, na mwaka uliofuata ikashinda kombe. Hebu fikiria uchungu wa shabiki wa Quebec: umeshangilia miaka yote, timu inahama, halafu inabeba kombe ikiwa kwa jirani. Winnipeg walipoteza yao 1996, na ndiyo hiyo hiyo ilienda Arizona. Mwaka wa 2011 Winnipeg wakapata nyingine, iliyohama kutoka Atlanta.

Sasa uliza: hizo timu zilihama kwa sababu mashabiki walikuwa wachache? Si kila mara. Quebec ni watu wanaokula na kulala hoki. Wengi husema timu hufuata mashabiki. Zii. Timu hufuata vitu viwili: mwenye uwanja na mwenye doh.

Uwanja ndio shamba

Kwenye michezo ya kulipwa, tiketi ya mlangoni ni sehemu tu ya mapato. Kuna chakula na vinywaji, kuna maegesho ya magari, kuna vyumba vya matajiri, kuna matangazo ukutani, na siku ambazo hakuna mechi kuna matamasha. Anayeshika uwanja ndiye anayevuna hizo zote. Timu ambayo ni mpangaji tu inaokota makombo.

Coyotes walikuwa wapangaji wa jiji la Glendale. 2021 jiji likasema mkataba hauongezwi. Wakahamia ukumbi wa chuo kikuu wenye nafasi ya watu kama 5,000 hivi. Hiyo ni timu ya ligi kubwa kuliko zote duniani, ikicheza kwa watu wachache kuliko wanaojaa fainali ya michezo ya shule. Wakaomba jiji la Tempe uwanja mpya. Mei 2023 wakazi wakapiga kura na kusema hapana. Ndipo tajiri wa Utah, Ryan Smith, akatoa dola bilioni 1.2, zaidi ya shilingi bilioni 150, na ambaye tayari alikuwa na uwanja. Mchezo ukaisha hapo.

Lakini kumbuka hiyo kura. Watu wa Tempe waliulizwa. Wakaamua pesa na ardhi yao ziende wapi. Hayo tutayarudia.

Sasa panda matatu Kitale

Chukua stori hii uipeleke kwa barabara unayoijua. Panda matatu hapo Kitale ukielekea Bungoma kupitia Webuye, na uangalie dirishani kama mtu wa boli.

Unaanzia mji wa St Anthony's, wale Solidarity, jina kubwa kwenye michezo ya shule, boli na hoki. Mbele kidogo, upande wa Kimilili, kuna Friends School Kamusinga, ambao kwa hoki ya shule hawahitaji kutambulishwa. Misikhu kuna wasichana wanaojua kushika kigoe. Ukanda huu ni shamba la vipaji, hakuna ubishi.

Ukifika Webuye, unaona kiwanda cha karatasi. Enzi za Pan Paper kulikuwa na timu yenye jina la kiwanda kwenye ligi kuu. Kiwanda kikafungwa 2009, na jina hilo ukilitaja leo kwa kijana wa miaka 20, atadhani unaongea kuhusu daftari.

Songa mbele hadi Bukembe. Hapo ndipo kiwanda cha sukari cha Nzoia, kilichoanzishwa 1975, na hapo ndipo mizizi ya Nzoia Sugar FC. Timu ilipanda ligi kuu 2017, ikawa inachezea nyumbani Sudi, Bungoma mjini. Ikampa mtu wa huku sababu ya kwenda uwanjani bila kulala njiani kuelekea Nairobi. Lakini kiwanda chenyewe kilikuwa kwa msoto: madeni, wafanyakazi wakidai mishahara, wakulima wakidai malipo ya miwa. Baba akikosa unga, mtoto hawezi kununuliwa viatu vya mpira. 2024 timu ikashuka. Mei 2025 serikali ikakodisha kiwanda kwa West Kenya Sugar kwa miaka 30.

Na usidhani ni Nzoia pekee. Mumias Sugar ilikuwa timu ya kuogopwa miaka ya 1990, nayo pia ikazama. SoNy Sugar ya Awendo ilikuwa bingwa wa Kenya 2006. Miaka 13 baadaye, 2019, ikaondolewa ligini kwa kukosa kufika kwenye mechi tatu. Bingwa mzima anakosa kufika uwanjani! Na Nakumatt FC, walioingia ligi kuu pamoja na Nzoia 2017, duka likaporomoka, 2018 wakawa Mount Kenya United, 2019 wakashuka.

Unaona mchoro? Marekani mwenye timu akiona hasara, anauza na timu inahama na wachezaji wake, kandarasi zao na mishahara yao. Hapa mwenye timu akiishiwa, hakuna kitu cha kuuza. Hana uwanja, hana haki za runinga za maana. Anabaki na jezi na jina la kiwanda, na nani atanunua jina la kiwanda kilichofungwa?

Kwa hivyo huku kwetu timu haihami. Wachezaji ndio huhama, mmoja mmoja, na begi mgongoni.

Hoki ndiyo mfano mkali zaidi

Angalia hoki ya kawaida, ile ya uwanjani. Kenya ilimaliza nafasi ya nne Kombe la Dunia la 1971 kule Barcelona. Si mchezo! Leo mchezo huo kimataifa unapigwa kwenye zulia bandia, na zulia la umma linalojulikana ni City Park, Nairobi, lililojengwa kwa ajili ya michezo ya Afrika ya 1987. Kijana wa Kamusinga au Solidarity anakulia kwenye nyasi, anamaliza kidato cha nne, halafu analazimika kuchagua: apande basi la Nairobi akatafute klabu, au aweke kigoe juu ya kabati.

Hata Butali Sugar Warriors, timu kubwa ya hoki yenye jina la kiwanda cha Malava, Kakamega, kwa miaka mingi ligi yake ilichezwa City Park. Jina liko kwa miwa, mpira uko kwa zulia. Uwanja umeshinda tena.

Timu moja ambayo haijauzwa

Sasa wewe shabiki wa Ingwe umenyamaza tu, na stori yako ndiyo yenye dawa.

AFC Leopards ilizaliwa 1964 kama Abaluhya, Nairobi. Jina likabadilika 1980 wakati majina ya kikabila yalipopigwa marufuku. Yaani timu kubwa kabisa ya watu wa Magharibi haijawahi kuishi Magharibi. Ilianzishwa na watu waliokuwa wameacha ocha kutafuta kazi mjini. Imeshinda ligi zaidi ya mara kumi, imeshuka, imerudi, imekosa doh, imepigana ofisini. Lakini wafadhili wamekuja na kwenda, na Ingwe bado iko. Mbona? Kwa sababu haikuwa ya kiwanda. Ni ya wanachama. Mfadhili akitoka, anatoka na nembo yake kwa jezi, hatoki na timu.

Kule Marekani kuna mfano kama huo. Green Bay ni mji wa watu kama laki moja hivi, lakini timu yao ya kandanda ya Marekani, Packers, inacheza ligi moja na miji ya mamilioni. Ni ya wananchi tangu 1923, na sasa ina wanahisa zaidi ya 500,000. Hakuna tajiri anayeweza kuamka asubuhi akaipeleka kwingine.

Sitakudanganya kwamba umiliki wa wanachama unaleta pesa. Muulize shabiki wa Ingwe kuhusu mishahara, atakuangalia tu. Lakini timu maskini na timu iliyokufa si kitu kimoja. Maskini anaweza kupona.

Kwa hivyo tufanye nini?

Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya michezo na viwanja vyake. Kwa hivyo mwenye nyumba pale Kanduyi si mtu wa mbali, ni serikali uliyoichagua. Mtu wa Bungoma, muulize MCA wako maswali matatu. Uwanja wa Masinde Muliro unatumika siku ngapi kwa mwaka kwa mechi za ligi? Kuna timu yenye mkataba wa kuutumia kwa miaka kadhaa, au kila Jumamosi ni kuomba ruhusa? Na tiketi zikiuzwa, timu inabaki na ngapi?

Mtu wa Kitale, wewe swali lako ni moja: kijana wa Solidarity akimaliza shule Novemba, Januari anachezea timu gani hapo mjini? Kama jibu ni "atatafuta Nairobi," basi tunalima na wengine wanavuna.

Na kama kuna mbogi inaanzisha timu mpya mtaani, Kiminini ama Chwele, msianze na jezi. Anzeni na cheti cha usajili na orodha ya wanachama, kila mtu na mia yake kwa mwezi. Mfadhili akija, mkaribisheni, mpeni kifua cha jezi. Msimpe jina la timu.

Watu wa Tempe walipiga kura wakaikataa timu, ikaenda. Uchungu, lakini waliulizwa. Sisi timu zetu zimezama Webuye, Mumias na Awendo, na hakuna aliyetuuliza kitu, kwa sababu kwenye karatasi hazikuwa zetu.