Bastola ghali, mpini haukai mkononi

Straika akinunua njumu za bei mbaya halafu zikambana vidole, hafungi. Bastola nayo ni hivyo hivyo. Mwenye hela za dhahabu pale Nyamongo, Tarime, akitaka bastola ya kisasa inayojipakia risasi yenyewe, jina la kiwanda lisimchanganye. Aanze na mpini.

Mpini ukiwa mnene, kidole kinaifikia triga kwa ncha tu na mkono unapinda kuitafuta. Ukiwa mwembamba, kidole kinapitiliza, risasi inakwenda pembeni kama penalti ya presha. Ndiyo maana wapiga shabaha wa Olimpiki wa mita 25, ambao raundi ya mwisho kabisa hupewa sekunde nne kulenga shabaha tano, hutumia mipini ya mbao iliyochongwa kufuata kiganja.

Károly Takács wa Hungary aliharibiwa mkono wa kulia na guruneti mwaka 1938. Akajifunza upya kwa kushoto, akabeba dhahabu London 1948 na kurudia Helsinki 1952. Hapo bei ya bastola haikuwa na kauli.

Ila Nyamongo si Helsinki. Huko mlio wa risasi una kumbukumbu: Mei 2011 polisi waliua watu kwa risasi kwenye mgodi wa North Mara. Sheria ya silaha ya mwaka 2015 inamtaka mnunuzi awe na leseni, sawa. Lakini atakayetaka uwanja wa shabaha pale, akaongee na majirani kwanza kabla ya kufyatua hata moja.