Luvungi: tangazo liandikwe, lisipigwe picha tu

Katika tambarare ya Ruzizi, tangazo la ofisi au la shirika la raia hufikia watu kwa njia mbili: picha ya karatasi yenye muhuri, au odio ya dakika nyingi. Njia zote mbili zinawachelewesha wakaaji. Wakati umefika viongozi wa Luvungi, Sange na Uvira watoe pia maandishi yenyewe, yale mepesi yanayofunguka hata mtandao ukiwa dhaifu.

Hesabu ni rahisi. Tangazo la maneno mia tatu ya Kiswahili lina uzito wa kilobaiti mbili hivi. Picha ya karatasi hiyohiyo, ikitoka kwenye kamera ya simu, inaweza kufika megabaiti mbili, yaani mara elfu moja. Hata WhatsApp ikiibana, bado itapita maandishi kwa mbali. Anayelipa tofauti hiyo ni mkulima wa mpunga au mama muuza mihogo anayenunua unite kidogo kidogo. SMS nayo haitoshi: moja hubeba herufi 160, na tangazo hilo lingehitaji SMS zaidi ya kumi.

Dawa ipo, na haina bei. Kuna huduma za intaneti zinazopokea maandishi matupu na kurudisha anwani fupi. Moja ni Termbin. Haidai akaunti wala neno la siri. Kwenye kompyuta ya Linux, au kwenye simu ya Android yenye programu ya Termux na kifaa kidogo cha netcat, inatosha kuandika mstari mmoja wa amri:

cat tangazo.txt | nc termbin.com 9999

Mara moja inarudi anwani inayoingia ndani ya SMS moja na nafasi ikabaki. Anayepokea hahitaji kujua amri yoyote; anabonyeza na kusoma. Kazi ya kuandika inaweza kufanywa na kijana mmoja tu aliyesoma informatike.

Kuna watakaosema wengi hawana simu za kisasa. Ni kweli. Lakini maandishi yakishafika kwa mmoja, yanaweza kunakiliwa kwenye daftari, kubandikwa sokoni au kusomwa redioni bila kupotoshwa. Odio hairuhusu hivyo. Mtu huisikiliza nusu, halafu anasimulia anachokumbuka.

Wengine watasema bila muhuri watu hawataamini. Lakini picha yenye muhuri wa mwaka jana huzunguka leo kana kwamba ni mpya. Kinachojenga imani ni tarehe, saa, mahali kamili, na namba ya ofisi ya kuuliza. Mahali hasa pasisahauliwe. Kongo ina Luvungi zaidi ya moja. Mwaka 2010, ubakaji wa mamia ya watu uliotangazwa duniani kote ulitokea Luvungi ya Walikale, Kivu ya Kaskazini, wala si hii ya usultani wa Bafuliiru. Ujumbe unaosema tu « Luvungi kumeharibika » unaweza kuhamisha familia nzima bila sababu, au kuikuta imelala siku ambayo sababu ipo.

Na sababu zimekuwepo. Februari 2025, Bukavu ilipoanguka mikononi mwa M23, maelfu walishuka tambarare na kuvuka mto Ruzizi kwenda Burundi. Katika siku kama hizo, kujua kama barabara ya taifa namba 5 inapitika si jambo la starehe.

Lakini njia hii ina mipaka, na lazima isemwe wazi. Kwa amri hiyo, maandishi husafiri bila kufichwa, na yeyote mwenye anwani anaweza kuyasoma. Kwa hiyo majina ya waliodhulumiwa, ya mashahidi, au mahali waliko waliokimbia, visiwekwe humo kamwe. Tena Termbin huhifadhi maandishi kwa mwezi mmoja tu. Karatasi ya ofisi ibaki kwenye kabati lake. Huu ni mjumbe, si ghala.

Ofisi ya grupema ya Itara-Luvungi, vyama vya wakulima na shirika la raia waanze na mambo mawili tu: bei za soko, na hali ya barabara hadi Kamanyola na Uvira. Watoe kila wiki, kwa maandishi, kwa lugha ambayo wakaaji wanasema. Siku ya hatari ikifika, watu watakuwa wamezoea mahali pa kutafuta ukweli. Mazoea hayo hayajengwi usiku ambao risasi zimeanza kulia.